Kulea nepenthesi Kigamboni: joto la bure, kazi iko kwenye maji

Karibu kila maelekezo utakayosoma kuhusu hii mimea yameandikwa na mtu anayesikia baridi. Utaambiwa ununue mkeka wa umeme wa kupasha chungu moto, ununue mashine ya kupuliza mvuke, utengeneze sanduku la vioo, ufunge taa, usiku uamke uangalie kipimajoto kisishuke chini ya nyuzi 20, na mtu wa Dar akimaliza kusoma anaona hii ni michezo ya matajiri anaachana nayo. Kumbe yule jamaa anahangaika na kulipa bili ya umeme ili apate ndani ya nyumba yake hali ya hewa ya Kigamboni, ambayo sisi tunaamka nayo tu, tunatoka jasho hata kabla ya kupiga mswaki.

Nazungumzia nepenthesi, ile mimea inayoning'iniza mitungi kwenye ncha za majani na kula wadudu. Ziko aina zaidi ya 150, nyingi za Borneo, Sumatra na Ufilipino, na wanaozilea wanazigawa mafungu mawili, za milimani na za mabondeni. Za mabondeni ni zile zinazoota chini ya mita 1000 hivi kutoka usawa wa bahari, zinataka mchana nyuzi 27 mpaka 33, usiku zisishuke sana chini ya 20, na hewa nzito yenye unyevu mwaka mzima. Sasa linganisha na kwetu. Mwezi wa pili mchana ni nyuzi 32 na usiku hata 25, mwezi wa saba ndo usiku unashuka mpaka 18 au 19, watu wanatoa masweta, na zangu hazijawahi hata kushtuka.

Halafu cha ajabu Afrika bara hamna nepenthesi ya asili hata moja. Ukivuka bahari unazikuta, Madagaska upande wa mashariki zipo mbili, Nepenthes madagascariensis na Nepenthes masoalensis, na Shelisheli ipo Nepenthes pervillei kwenye vilima vya mawe vya Mahé na Silhouette. Ile madagascariensis iliandikwa kitabuni na Mfaransa Étienne de Flacourt mwaka 1658, karibu miaka mia kabla ya kitabu cha 1753 cha Linnaeus, yule Mswidi wa majina ya kisayansi ya mimea. Yaani ni majirani kabisa ila huku hawajawahi kufika wenyewe. Sisi tunao jamaa wengine wanaokula wadudu, Drosera na Utricularia, ukitembea kwenye majaruba na maeneo ya tope unaweza ukawakanyaga bila kujua, ila mtungi hamna.

Ya kwangu ya kwanza nilipewa na mzee mmoja wa Upanga anayelea okidi, yeye aliziingiza zikiwa vichanga ndani ya vichupa vya maabara na makaratasi yake yote. Nilienda kwake kwa ajili ya okidi kwa kweli, nikaona hii kitu inaning'inia barazani nikasahau kilichonipeleka. Nikamwomba kipande. Hakuniuliza kama nina nafasi wala kama nina uzoefu, aliuliza tu nakaa wapi, nikamwambia Kigamboni mzee, akacheka akasema "Kijana, Kigamboni maji yenu nayajua, kipande sikupi mpaka uniambie utamwagilia nini." Niliondoka mikono mitupu siku ile, nikaona mzee ana roho ngumu. Leo mtu akija kwangu kuomba namuuliza hivyohivyo.

Maana maji ndo kila kitu hapa. Kisima ukichimba karibu na bahari maji yanakuja na chumvi, chai inakuwa na ladha yake, sabuni haitoi povu, bomba la bafuni linaota ukoko mweupe. Binadamu anazoea. Hii mimea haizoei, kwao inaota kwenye vinamasi vya majani yaliyooza na kwenye mchanga mweupe uliooshwa na mvua miaka na miaka mpaka hauna rutuba yoyote, mizizi yake ni myembamba, myeusi, haijui chumvi ni nini, na ni kwa sababu chini hamna chakula ndo maana inakamata wadudu juu. Ukiimwagilia maji ya kisima haifi siku hiyo wala wiki hiyo, na hapo ndo watu wanapotea. Maji yanakauka yenyewe, chumvi inabaki chunguni, kesho unaongeza nyingine. Dalili ya kwanza mitungi inaacha kutoka, kile kiuvimbe kidogo kwenye ncha ya kikono, yaani ule uzi unaotoka mwisho wa jani, kinakauka kingali hakijajaa, baadaye ncha za majani zinaingia ukahawia, na mwenye mmea anaona una kiu, anazidisha maji yaleyale.

Kuna kapimio kadogo kanaingia mfukoni, wauza mitambo ya kuchuja maji wanako, kanaitwa TDS mita, unakachovya kanakupa namba ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Wanaolea nepenthesi wengi wanataka maji yasome chini ya 50, wengine wanavumilia mpaka 100. Kisima chetu kinasoma zaidi ya 1000. Maji ya bomba yako katikati na hayana msimamo, leo namba hii kesho ile, kwa hiyo pima kila ukichota usitegemee ya juzi. Mvua inasoma karibu na sifuri. Watu wananiuliza je nikichemsha? Ukichemsha unaua vijidudu ila chumvi iko palepale, tena maji yakipungua sufuriani ndo inazidi. Na zile chujio za mkaa za kuweka kwenye bomba zinatoa harufu na klorini, chumvi hazitoi. Mashine inayotoa chumvi ni ya RO, ipo, inauzwa, kama unayo ya kunywa basi umemaliza. Maji ya chupa ya dukani soma lebo, mengi wameongeza madini makusudi ili yawe matamu.

Sasa mi nilichofanya ni vitu viwili. Masika nakinga mvua kwenye mapipa, na zile mvua za kwanza baada ya kiangazi naziacha zipite kwanza zioshe bati, maana juu kule kuna vumbi, kinyesi cha kunguru na kila aina ya uchafu. Mapipa yote nayafunga neti nzuri na kamba, na hapa sitanii, Dar tumepata dengi 2014 tukapata tena 2019, na yule mbu anapenda maji masafi yaliyotulia nyumbani kwako kuliko mtaro. Utamwambia nini jirani yako ambaye mtoto wake anaumwa, kwamba ulikuwa unalea maua? Vilevile sitegi sahani za maji chini ya vyungu, kwanza mizizi ya nepenthesi nyingi haipendi kukaa kwenye maji kama ile mimea mingine ya kula wadudu ya Marekani.

Kitu cha pili ni maji ya AC. Lile bomba la AC linalodondosha maji nje ukutani, yale ni unyevu wa hewa uliogandia kwenye chuma baridi, hayajawahi kupita ardhini, kapimio kanasoma namba ndogo sana. Mwezi wa kwanza na wa pili, ambapo mvua hamna na pipa linaelekea kuisha, ndo AC nayo inafanya kazi usiku kucha na kujaza ndoo, yaani msimu unaokunyima huku unakupa kule. Ila angalia, fundi akija kufanya sevisi anapuliza dawa ya kusafishia mle ndani, maji ya siku kadhaa zinazofuata mwaga. Na yaache yapumzike kwanza kwenye ndoo uchafu utulie chini, unachota ya juu.

Kuna kipindi nilisafiri msibani nikamwachia dogo mmoja nyumbani, nikamwonyesha madumu yapi ya nini, yeye akaona huo wa kubeba madumu ni ushamba wakati mpira wa kisima upo, akawa anapiga mpira kila jioni, tena kwa moyo safi kabisa. Nimerudi, rafflesiana, ile aina niliyopewa na mzee, ilikuwa na majani mazuri na hakuna mtungi mpya hata mmoja. Tiba yake ni kuosha chungu, unamwaga maji ya mvua juu taratibu yapite yatoke chini, unapima yanayotoka, unarudia mpaka namba ya chini ikaribiane na ya juu. Inakula maji mengi lakini inasaidia. Majani yaliyokuwa yameshakauka kwenye ncha hayakurudi, yaliyofuata ndo yakaja na mitungi.

Kwenye udongo, kwanza sahau udongo. Samadi sahau, mboji sahau, mchanga wa pwani sahau kabisa maana ule umejaa vipande vya makombe na matumbawe, ni chokaa ile. Vitabu vinasema sfagnamu, yaani kuvumwani wa vinamasini, na pelaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mawe, ukizipata sawa, ila bei yake utakaa chini. Mi natumia makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na mkaa, kama wanavyofanya wa okidi. Mkaa unachagua vipande, unapepeta vumbi, unaosha majivu yote yatoke. Makumbi ndo yana hadithi yake. Hata yale ya nazi ya juzi yana chumvichumvi zake za asili, unaloweka, unamwaga, unaloweka tena, unapima yale maji mpaka yatulie, ni kazi ya wiki sio ya siku. Na usije ukachukua yale ya kusokotea kamba, kule Unguja akina mama wanayafukia ufukweni kwenye maji ya bahari miezi kadhaa yaoze ndo wayapige watoe nyuzi, jamaa mmoja wa Jambiani alinipa gunia zima kwa upendo nikamshukuru nikatandikia kuku.

Chungu tumia cha plastiki chenye matundu mengi. Vya udongo vinapendeza lakini vinakunywa chumvi na kuishika kwenye kuta, utaona ule ukungu mweupe nje, ndo ushahidi.

Mwanga sasa. Watu wanasikia "msitu wa mvua" wanauweka chini ya mwembe kwenye giza, unaota majani marefu ya kijani kilichoiva kabisa na mtungi hamna, wanasema umerogwa. Mtungi unagharimu mmea, na kama mwanga hautoshi mmea unaahirisha. Zangu ziko baraza ya mashariki, zinapigwa jua mpaka kama saa nne asubuhi, baada ya hapo shedi neti inachukua kazi. Ukiona majani yanaingia wekundu kidogo ni sawa, yakiwa ya njano yenye mabaka ya kuungua umezidisha.

Ila adui mkubwa kuliko jua ni kaskazi. Hii sijaiona kwenye maelekezo ya mtu yeyote kwa sababu hawana kaskazi. Kuanzia Disemba mpaka Februari au Machi upepo unavuma siku nzima, na hata kama hewa ina unyevu ule upepo wenyewe ukipita kwenye mtungi mchanga unaukausha mdomo kabla haujafunguka vizuri. Niliwahi kuhamisha vyungu kila kona ya nyumba, mwishowe nikavisogeza vyote pamoja nyuma ya ukuta mfupi, vikubwa nje vidogo katikati, sakafu nailowesha saa sita mchana. Vikikaa pamoja vinatunziana unyevu. Hapo ndo mitungi ya mwezi wa pili ikaanza kukamilika.

Na mtungi ukikamilika jamani utakaa unauangalia tu. Jani linakuja kawaida, ncha yake inarefuka inakuwa kikono, kikono kinapinda, mwisho wake kinavimba kimfuko kilichobapa, kimfuko kinajaa hewa, siku moja asubuhi kifuniko kimefunguka na ndani kuna maji tayari ambayo mmea umeyatengeneza wenyewe. Kile kifuniko hakifungi kumnasa mdudu kama watu wanavyodhani, kinabaki wazi, kwa aina nyingi kazi yake ni kukinga mvua isizimue yale maji na kuwavuta wadudu kwa utamu. Kazi ya kukamata inafanywa na mdomo. Nilikuwa naona sisimizi saa saba mchana wanatembea juu ya mdomo wanalamba utamu wao na kuondoka, nikasema huu mmea mbona mpole, halafu asubuhi yenye umande au baada ya manyunyu nakuta wamejaa ndani. Baadaye nikasoma kwamba watafiti Bohn na Federle walishalionyesha hilo mwaka 2004 kwa nepenthesi ya Borneo, mdomo ukiwa mkavu sisimizi anapita, ukiloa anateleza. Wale wanaorudi salama mchana ndo wanaoenda kuita wenzao, nadhani mwenyewe utaelewa ujanja uliopo hapo.

Wageni wote wanauliza inakula mbu? Inakamata mmoja mmoja, ila usiache neti. Chakula chake kikubwa kwangu ni sisimizi na nzi. Usiilishe nyama. Watoto wa kaka yangu waliwahi kuigawia dagaa na kipande cha chapati, mtungi ukaoza kwa harufu ambayo sitaielezea, shangazi yao ndo nikapata kazi ya kuukata na mkasi huku wao wanachungulia mlangoni. Kama uko ghorofani wadudu hawafiki, weka wale minyoo wakavu wa chakula cha samaki, vipande vichache tu kwenye mtungi, mara moja moja. Mbolea kwenye mizizi hapana. Na mmea ukisafirishwa maji ya mitungi yakamwagika, ongeza ya mvua kidogo chini usiache mikavu, mtungi mkavu unakufa haraka.

Kuhusu kuchagua, hapa ndo unapookoa hela yako. Pwani usinunue za milimani hata ukipewa nusu bei, zile zinataka usiku wa nyuzi 10 mpaka 15, hapa zitakaa zinadhoofika mpaka zife. Anza na mirabilis, ambayo inapatikana kutoka kusini mwa China mpaka Australia kwa hiyo haina maringo, au chotara ya ventrata inayovumilia karibu kila kitu. Rafflesiana ni nzuri ila usishtuke ikikua, mitungi ya chini ikiwa changa ni minene ina mabawa mawili kwa mbele, ikianza kupanda inatoa mingine mirefu imepanuka juu imechongoka chini, jirani alidhani nimebadilisha mmea. Ampullaria ndo kipenzi changu, mitungi yake mifupi ya duara inajazana chini kwenye shina, kifuniko kimegeukia nyuma kabisa, inapokea majani yanayodondoka kutoka juu, na watafiti wamepima wakakuta sehemu ya naitrojeni yake inatoka kwenye hayo majani yaliyooza. Ndo pekee niliyoiweka chini ya mti, na inavumilia kivuli.

Mbegu za mtandaoni achana nazo. Picha za mitungi ya bluu, hakuna kitu kama hicho, na mbegu halisi ya nepenthesi ni uzi mwembamba mwepesi unaopeperushwa na pumzi, ukiletewa punje za duara umeuziwa mchicha. Hata zilizo halisi zinapoteza uhai haraka. Ukitaka kuagiza mmea wenyewe kutoka nje, jua kwamba nepenthesi zote ziko kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, nyingi Kiambatisho cha II, rajah na khasiana ziko cha I ambacho ni kikali zaidi, na kuingiza Tanzania unatakiwa uwe na kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, na cheti cha afya ya mmea cha kule unakotoka, na kwa anayeingiza Kenya mamlaka ni KEPHIS. Kuna watu wanang'oa porini wanauza, mmea wa porini utaujua kwa majani yaliyochakaa na mizizi iliyokatika, na mara nyingi unakufa tu mkononi mwako.

Njia nzuri ni vipande. Unakata shina lenye majani mawili matatu, majani unayapunguza nusu, unachomeka kwenye makumbi yaliyooshwa, unafunika mfuko wa plastiki mwepesi, kivulini, unasahau. Usiwe unang'oa kuangalia mizizi. Kwa joto letu inachukua mwezi mmoja mpaka mitatu, na ukiona kijani kipya kinachungulia pembeni ya jani ujue tayari. Mbegu zako mwenyewe sio rahisi kwa sababu kuna mimea dume na mimea jike, na huwezi kujua mpaka itoe maua. Yangu yote ya rafflesiana ni dume, lazima iwe hivyo maana yote ni vipande vya ule mmoja wa mzee.

Wa Dodoma unyevu utakusumbua, weka bafuni penye dirisha kubwa. Wa Nairobi na Arusha usiku wenu ni wa baridi kwa hizi za mabondeni, nyie ndo chukueni za milimani, mtatuonea huruma sisi. Wa Tanga, Mombasa, Mtwara, Unguja na Pemba hamna kisingizio. Dada mmoja wa Tanga nilimpa kipande cha ventrata, hana AC, hana kapimio, ana tangi la saruji la mvua lililojengwa na babu yake, anachota anamwagilia, basi. Ya kwake imeshapanda mpaka kwenye dari na inaipita ya kwangu kwa mitungi, na kila akinitumia picha ananiuliza kama nimeshapata mvua.